Jiko la Waukraine Lina Somo Kwetu



Kitabu chetu hiki cha kila mwaka hakikosi makala ya kulalamika kwamba watoto wetu waliozaliwa huku Marekani hawasemi Kiswahili. Dawa inayotajwa daima ni moja: tufungue darasa. Darasa ni jambo jema, nami silipingi. Lakini rai yangu ni kwamba lugha huanzia jikoni kabla ya kufika ubaoni, na jiko tunalo, ila kila mmoja wetu amelifungia ndani ya nyumba yake. Naomba niitetee rai hii kwa mfano wa watu wengine, nao ni Waukraine wa New York, na chakula chao kiitwacho varenyky.

Kwa asiyezijua, varenyky ni mfano wa sambusa isiyokaangwa bali ya kuchemshwa. Unga wa ngano hukandwa ukawa laini, ukasukumwa kama chapati, kisha hukatwa viduara kwa mdomo wa gilasi. Ndani hutiwa viazi vilivyopondwa, au jibini nyeupe, au kabichi iliyochachushwa, au uyoga, na pengine matunda ya cheri. Kiduara hukunjwa kikawa nusu mwezi, kingo zikafinywa kwa vidole zisiachie, kikatoswa katika maji yanayochemka. Ikielea, imekaribia kuiva. Huliwa kwa siagi, kitunguu kilichokaangwa na malai chachu. Hata jina lenyewe limetokana na neno lao la kuchemsha. Wenzetu Waislamu wasisahau kuuliza kwanza, maana mara nyingine kile kitunguu hukaangwa kwa mafuta ya nguruwe.

Watu hawa wana historia ya kunyang'anywa. Mwaka 1876 mfalme wa Urusi, Alexander wa Pili, alitoa amri iliyozuia karibu vitabu vyote vya Kiukraine visichapishwe. Mwaka 1932 na 1933, zama za Stalin, njaa iliua mamilioni yao katika nchi inayosifika kwa ngano. Baada ya vita kwisha mwaka 1945, wengi walibaki katika kambi za wakimbizi Ujerumani na Austria, na sheria ya Marekani ya mwaka 1948 ndiyo iliyowafungulia wengi wao mlango wa kuja huku. Baadhi yao walikaa mtaa wa East Village, Manhattan, ambako Waukraine wenzao walikwisha kutangulia. Mwaka 1954 mmoja wao, Wolodymyr Darmochwal, alifungua pale pembeni mwa Second Avenue na East 9th Street kiduka cha magazeti na peremende, akakiita Veselka, maana yake upinde wa mvua. Kiduka kile kiligeuka mkahawa mashuhuri. Vita vya mwaka 2022 vilipoanza, watu wa New York walipanga foleni pale kununua supu ya viazisukari vyekundu, borscht, ili fedha zikasaidie Ukraine.

Lakini ninalotaka kusema halimo katika mkahawa mkubwa. Limo katika kijimkahawa kimoja kidogo cha mtaa ule ule, chumba cha chini cha kuteremka ngazi, ambako nilikuwa nikienda na mjukuu wangu wa miaka 11. Meza zilikuwa chache, sahani za karatasi, na dirishani imebandikwa herufi A ya idara ya afya ya jiji. Siku moja maalumu ya wiki, asubuhi na mapema, akina mama wa kanisa lao walikusanyika kuzunguka meza ndefu. Huyu anasukuma, yule anakata, wale wanafinya, na mdomo haunyamazi hata dakika moja, wala sikusikia Kiingereza ila kwa mteja. Faida ilikwenda kanisani. Mjukuu wangu hakupewa sahani yake mpaka aseme "diakuiu", yaani ahsante kwa Kiukraine. Alisema. Na tangu siku ile hajalisahau neno hilo, wala hakuna aliyemwandikia ubaoni.

Sasa tujitazame sisi. Tunapika, tena kwa wingi. Kukiwa na harusi, Maulidi au msiba, utaona sambusa, katlesi, vitumbua na mikate ya kumimina imepangwa. Lakini kila mama amepika peke yake usiku, nyumbani kwake, akirudi kazini, kisha akaja na sinia limefunikwa. Mtoto anaona sinia, haoni kazi. Hajui neno manda, hajui kukanda wala kuumua, kwa sababu maneno hayo huishi pale mikono inapofanya kazi, na pale hakualikwa. Tumempa Uswahili uliokwisha kuiva, naye ameula akaondoka.

Najua majibu yatakayotolewa. Wa kwanza atasema sambusa za barafu zinauzwa madukani, za nini taabu? Jawabu langu ni kwamba hata varenyky za barafu zinauzwa, na wale akina mama walijua hivyo. Hawakuwa wakitengeneza chakula tu, walikuwa wakikutana. Wa pili atasema huwezi kuuza chakula New York bila ruhusa. Ni kweli kabisa, jiji linataka kibali, na linataka awepo mtu mwenye cheti cha usalama wa chakula. Cheti hicho husomewa na hutahiniwa, na katika vijana wetu wapo waliosoma makubwa kuliko hayo. Tena si lazima tuanze kwa kuuza. Tuanze kwa kula wenyewe.

Wa tatu ni yule atakayesema, "Vyema, akina mama waandae." Huyu ndiye ninayemwogopa kuliko wote. Sisi wanawake wa jamaa hizi tumefanya kazi za mahospitalini, za kulea watoto wa watu na za kufagia maofisi, na jioni tukarudi kukanda unga. Jiko la jumuiya likiwa ni mzigo mwingine juu ya migongo ile ile, basi na lisianzishwe. Nataka wanaume wamenye vitunguu na viazi, na wavulana wakunje manda pamoja na dada zao. Huko pwani wapishi wa masufuria makubwa ya pilau ya harusi ni wanaume, na hakuna aliyewacheka. Haya ya kuona aibu tumeyapata wapi?

Na katika kijimkahawa kile niliona jambo la kutisha pia. Mikono mingi pale mezani ilikuwa ya wazee. Vijana walikuja kula, wakalipa, wakapanda ngazi. Waukraine wana shule zao za Jumamosi na makanisa yao, na bado pengo lile lilionekana. Sisi tusio na hata meza moja ya pamoja tutasalimika vipi? Miongoni mwetu wako mabibi watatu au wanne tu wanaojua kupika mkate wa kumimina bila kupima, kwa jicho na kwa mkono. Hakuna aliyeandika vipimo vyao, na vipimo vya mkono havirithiwi kwa kusimuliwa kwenye simu.

Kwa hivyo naleta shauri mbele ya wakubwa na wadogo. Jumapili moja ya kila mwezi tukodi ukumbi wenye jiko. Kazi iwe moja kwa siku, leo sambusa, mwezi ujao vitumbua. Kila bibi akae na watoto wawili wasio wajukuu zake, ili wasimdekee. Kijana mmoja aandike vipimo, kwa Kiswahili. Mezani pasemwe Kiswahili, na asiyejua asikemewe, bali aambiwe neno analolihitaji wakati analihitaji: nipe unga, ongeza maji, basi, imetosha. Baadaye tukipata kibali tutauza, na fedha ziingie katika mfuko wetu wa mazishi, ambao kila mtu anajua jinsi tunavyohangaika kuchangishana mauti yanapotufika.

Waswahili tumesema kidole kimoja hakivunji chawa. Ukingo wa varenyky nao haufungwi kwa kidole kimoja, wala wa sambusa. Haya ndiyo maoni yangu. Mwenye rai iliyo bora na aitoe, lakini aje nayo akiwa amekunja mikono ya kanzu. Mimi unga wa siku ya kwanza nitauleta.