Mzee Atetemekaye Si Mlevi, Wala Hakurogwa



Wewe unayefuga ng'ombe wa gredi wajua kwamba tumboni mwake mmejaa vijidudu visivyoonekana kwa macho. Hivyo ndivyo vinavyovunja majani yapate kumfaa. Ukimbadilishia chakula ghafula, vijidudu huvurugika, na ng'ombe aweza kuugua. Tumbo la mwanadamu nalo lina vijidudu vyake.

Sasa mfikirie mzee ambaye mkono wake hutetemeka hata akiwa ameketi, na hatua zake zimekuwa fupi. Watu husema ni mlevi, au amerogwa, na jamaa huuza mtamba ili kumlipa mganga. Hayo ni makosa. Huenda ana ugonjwa wa Parkinson, uitwao kwa jina la James Parkinson, daktari wa London aliyeueleza mwaka 1817. Seli fulani za ubongo hufa, na mwili hukosa kutii.

Zamani wataalamu walitazama ubongo tu. Lakini wagonjwa wengi hufunga choo miaka mingi kabla ya kutetemeka. Mwaka 2003 Heiko Braak wa Ujerumani na wenzake walisema kwamba huenda ugonjwa huanzia tumboni, ukapanda kwa mshipa wa fahamu mpaka ubongoni. Mwaka 2016, huko California, panya waliotayarishwa kuugua hivyo walitiwa vijidudu vya tumbo. Waliopewa vya wagonjwa walizidiwa kuliko waliopewa vya watu wenye afya. Lakini panya si mtu, na kwa mwanadamu chanzo hakijathibitishwa.

Basi, maoni yangu ni haya. Kwanza, tusimcheke mzee huyo. Pili, tumpeleke hospitali mapema. Iko dawa iitwayo levodopa. Haiondoi ugonjwa, lakini huwasaidia wengi kutembea na kujilisha. Mwelezeni daktari habari za choo pia, wala msione haya. Kufunga choo peke yake si Parkinson. Mara nyingi ni upungufu wa maji na mboga. Tatu, mtu akija sokoni na chupa ya kusafisha tumbo, akidai huponya kutetemeka, msimpe hata senti moja.

Ng'ombe wako akikataa kula, humwita daktari siku ile ile. Usimngojeshe baba yako miaka.