Bustani ni kivuli, si kibao

Leo twende pamoja hadi Rhamu, kando ya mto Daua, katika Kaunti ya Mandera. Jua la huko halina mzaha. Mama akitoka sokoni na mtoto mgongoni, kitu cha kwanza anachotafuta ni kivuli cha mwarobaini.

Viongozi wetu hupenda kukarabati uwanja wa mtaa, kuupa jina jipya na kukata utepe. Si vibaya. Lakini Rhamu ikijaliwa bustani kama hiyo, wakazi waanze kuulizia nini: jina au maji?

Jina la kibao lina miguu mifupi. Mwaka 2019 ufuo wa Mama Ngina Drive, Mombasa, ulikarabatiwa kwa mamilioni ya shilingi na kufunguliwa Siku ya Mashujaa kwa jina la Mama Ngina Waterfront. Hata hivyo, mwenyeji akitaka kwenda kula mihogo na kunywa madafu jioni, husema anakwenda Lighthouse, kama alivyozoea.

Jina linalodumu huletwa na matendo. Nairobi, mwaka 1992, akina mama walifunga kula katika pembe moja ya Uhuru Park wakidai wana wao waliofungwa kwa sababu za siasa waachiliwe. Pembe hiyo ikaitwa Freedom Corner, na ndivyo iitwavyo hadi leo. Na kama bustani yenyewe ingalipo, ni kwa sababu mwaka 1989 Profesa Wangari Maathai alipinga jengo la ghorofa 60 lililokusudiwa kusimamishwa humo.

Ukarabati nao una mitego yake. Uhuru Park hiyo hiyo ilifungwa mwaka 2021 ili itengenezwe, na mwaka uliofuata wananchi walikuwa bado wanachungulia kutoka nje ya ua. Katika mji mdogo, uwanja ukifungwa muda mrefu hivyo watoto wataenda wapi? Wa Rhamu watateremka mtoni, na Daua ina mamba.

Kwa hivyo, kabla ya rangi na kibao, yafaa wakazi waulize maswali manne. Kwanza, ardhi hii imesajiliwa kuwa ya umma, au kesho atatokea mtu na hati yake mfukoni? Pili, miti itanyweshwa na nani wakati wa kiangazi, mto unapobaki mchanga mtupu? Tatu, nani atang'oa mathenge kabla miiba yake haijachoma nyayo za watoto? Nne, akina mama wametengewa mahali pa kuketi kwa staha, au viti vyote ni vya wanaume na kahawa yao?

Maswali haya si utovu wa adabu. Katiba ya mwaka 2010 imezikabidhi kaunti bustani na viwanja vya burudani. Anayeuliza anadai haki yake.

Na jina je? Wazee wa Kisomali tangu jadi huamua mambo yao chini ya mti. Basi nalo jina lijadiliwe huko, na vijana na akina mama wakiwapo. Mfano hauko mbali. Katika kaunti hiyo hiyo kuna mji wa El Wak, maana yake visima vya Mungu. Maji yalitangulia, jina likafuata.

Nawe msomaji, popote ulipo, leo jioni watembeze watoto hadi uwanja wa mtaa wenu. Hesabu miti iliyo hai, kisha kesho ukaulize katika ofisi ya wadi ardhi ile ni ya nani. Kuuliza si ujinga, na uwanja usioulizwa habari zake ndio unyakuliwao kwanza.

Tukijaliwa, tukutane Jumapili ijayo.