Pete ya Lenzi na Wanaoidharau

Yamezuka maneno, nayo husemwa kwa kujiamini kupita kiasi, kwamba lenzi inayolengwa kwa mkono ni masalio ya enzi za ufukara, na kwamba anayeizungusha pete yake hadi leo ama hana fedha za kununua kifaa cha kisasa ama ana ukaidi wa kizee. Wengi wa wasemao hivyo ni wachuuzi, na mchuuzi husamehewa, kwani biashara ndiyo imsemeshayo. Wa kulaumiwa ni wapiga picha wenyewe wanaoitikia.

Na wafuatwe hadi Buseresere, wilayani Chato, mji wa soko uliokumbatiana na Katoro kiasi cha mgeni kutojua wilaya moja inakoma wapi na nyingine inaanzia wapi. Jua la saa saba halina huruma hapo. Mabati yanang'aa, vumbi la barabara limetanda, na barazani kwa duka ameketi mama muuza dagaa, uso wake umo kivulini. Mashine ijilengayo yenyewe, ikiachiwa uhuru wake, haina haja na mama huyo. Desturi yake ni kutafuta mahali ambapo weusi na weupe vinakutana kwa ghafla, na pa ghafla kuliko pote ni ukingo wa bati lililo nyuma yake. Bati litatoka safi, kila msumari wake ukihesabika. Mama atatoka kama aliyekaa ndani ya moshi. Kweli, mtu anaweza kuichagulia mashine nukta ya kulenga. Lakini akifanya hivyo amekwisha kukubali kwamba jicho lake ndilo hakimu, na kilichobaki ni ubishi mdogo tu wa nani aizungushe pete.

Watetezi wa mashine watajibu kwamba kamera za miaka ya karibuni zimefundishwa kuutambua uso, na hata jicho ndani ya uso. Ni kweli tupu, na ndipo ubaya wenyewe ulipo. Katika mialo ya wachimbaji wadogo wa ukanda wa Geita, mawe husagwa kwenye karasha, unga wake ukaoshwa, kisha dhahabu ikakamatwa kwa zebaki. Mara nyingi zebaki hiyo huchanganywa kwa mikono mitupu, ndani ya beseni, na kinachobaki hukamuliwa kitambaani hadi kikawa kidonge cheupe kinachosubiri moto. Habari yote imo viganjani. Mashine iliyofundishwa nyuso itapanda juu, itamshika mchimbaji jichoni, na kuyaacha yale mikono inayoyafanya yayeyuke katika ukungu wa mbele ya picha. Matokeo yake ni picha ileile ambayo magazeti ya ng'ambo yameizoea: uso wa huzuni, macho makavu, maskini asiye na kazi. Uso wa huzuni umekwisha kuuzwa mara nyingi mno. Kiganja chenye zebaki ni ushahidi, na ushahidi huo hutaka mtu aliyeamua kwa hiari yake kwamba hapo ndipo pa kutazamwa.

Kwa hiyo hoja si ya umri wa kifaa. Konica walitoa kamera ya kujilenga kwa soko la watu wengi mwaka 1977. Minolta wakaifikisha teknolojia hiyo kwa wenye kubadilisha lenzi mwaka 1985. Miaka miwili baadaye Canon wakaja na mdomo mpya wa kamera usiozipokea lenzi zao za zamani. Zilizotangulia, hata picha za Ranchhod Oza, aliyeifungua Capital Art Studio ya Mji Mkongwe mwaka 1930, zililengwa kwa mkono. Hakuna aliyezitazama akalalamika kwamba zimechelewa.

Hata shutuma ya uzito wa kazi haina miguu. Ajuaye kifaa chake huchukua lenzi ya milimita 35, akaifunga tundu hadi namba 8, akaiweka pete kwenye mita 5, kisha akaiacha. Kuanzia kama mita mbili na nusu mbele yake hadi upeo wa macho, kila kitu kitakuwa wazi kwa kiasi kinachotosha. Atapita sokoni Buseresere akipiga bila kulenga tena, na mashine iliyo bado ikisaka mahali pa kushika haitamfikia.

Zaidi ya hayo, vumbi la huko ni adui wa kila kitu kinachozunguka. Pete iliyokwama inaweza kufunguliwa, ikasafishwa, ikatiwa grisi mpya na fundi mwenye subira na bisibisi nzuri. Mota ndogo iliyofia ndani ya lenzi ya kisasa, aghalabu, haina fundi wala kipuri, na mwenyewe hubaki na uzito wa kubeba.

Wapo pia waipendao lenzi ya mkono kwa sababu isiyo na maana. Hao huisaka Helios 44 ya Urusi, milimita 58, kwa ajili ya ule mzunguko wa majani nyuma ya kichwa cha msichana, na wakishaupata hawana jambo jingine la kusema. Waachwe na majani yao.

Mpira wa miguu, mtoto akimbiaye na mzee ambaye macho yamemchoka vina haki ya mashine, wala hakuna wa kuwanyima. Raha inayotetewa hapa ni nyingine: pete inapozunguka chini ya vidole, ukungu unajikunja, na mtu anatokea polepole kwenye tundu la kuchungulia, naye amesubiri, kwa kuwa ameona wazi kwamba anatafutwa. Mama wa dagaa hujipanga khanga yake katika sekunde hizo. Simu haimpi nafasi hiyo.

Asemaye kwamba pete imepitwa na wakati, basi, na aifunge, aende mwaloni na mashine yake ichaguayo nyuso, arudi na picha moja ambamo zebaki inaonekana.