Punguza mada kabla ya kuanza utafiti

Mpwa wangu alifika kwangu Jumamosi moja jioni akiwa na mkoba uliojaa karatasi na macho yaliyojaa machozi. Yumo katika mwaka wa mwisho wa chuo kikuu. Msimamizi wake alikuwa amemrudishia kurasa 60, na juu ya ukurasa wa kwanza ameandika kwa wino mwekundu neno moja tu: "Swali?"

"Mjomba, nimeandika miezi mitatu," aliniambia. "Sasa anataka swali gani?"

Nilisoma kichwa cha kazi yake: Athari za Matatu katika Jamii ya Kenya. Nikaelewa mara moja. Wazazi wake hawakuelewa, maana kwao kurasa 60 ni kurasa 60, na muhula mwingine ni karo nyingine. Ndama aliyeuzwa mwaka jana hakuacha mdogo wake zizini.

Wanafunzi wengi huchukua mada wakidhani wamepata swali. Matatu ni mada. Waweza kuanzia zile sarafu tatu za senti 10 zilizokuwa nauli hadi zikawa jina, ukapitia mwaka wa 1973 Rais Jomo Kenyatta aliporuhusu magari hayo kubeba abiria bila leseni maalumu, ukafika kwenye michoro na muziki wa leo, na usimalize. Swali lina mwisho.

Basi tuliketi mezani tukipunguza hadi chai ikapoa. Nchi nzima ikawa Nairobi. Nairobi ikawa njia moja, ile anayopanda yeye mwenyewe kila asubuhi kutoka Kangemi. Athari zikawa jambo moja: mkanda wa usalama. Sheria za Waziri John Michuki, zilizoanza kutekelezwa Februari 2004, zilitaka kila kiti kiwe na mkanda, gari lisizidi kilomita 80 kwa saa na lipakwe mstari wa manjano ubavuni. Mstari tunauona. Mkanda je? Hapo swali likapatikana: katika njia hiyo, ni abiria wangapi hufunga mkanda, na wasiofunga hutoa sababu gani?

Tazama jinsi swali lenyewe linavyomgawia kazi. "Wangapi" hutaka kuhesabu, kwa hiyo anahitaji daftari lenye safu za tarehe, saa, idadi ya abiria na idadi ya waliofunga. "Sababu gani" hutaka kuuliza watu, tena bila kumtia mtu maneno kinywani. Ukimuuliza abiria, "Hufungi kwa sababu mkanda ni mchafu, sivyo?" umekwisha kumjibia. Na aambiwe kwanza ni nani anayemuuliza, kwa nini, na kwamba ana haki ya kukataa. Vibali navyo, kama kile cha tume ya taifa ya sayansi, NACOSTI, aulize chuoni mapema anahitaji vipi, asije akafika steji kabla havijatoka.

Kuhusu kusoma nitasema kidogo tu. Kabla hujanakili jambo lolote, andika jina la mwandishi, kitabu, mwaka na ukurasa. Nimewaona wanafunzi wakitafuta ukurasa mmoja usiku wa kuamkia siku ya kuwasilisha. Wala usimwachie kazi hiyo kompyuta inayotunga maandishi. Yaweza kukutajia vitabu ambavyo hakuna aliyewahi kuviandika. Kisha kuna wale vijana humu jijini wanaoandikia wengine kwa malipo, hata wanafunzi wa ng'ambo. Mzazi anayetoa pesa hizo hununua kurasa, lakini mtoto ndiye atakayesimama mbele ya jopo.

Muda tuliuhesabu kuanzia mwisho. Zilibaki wiki 10. Mbili za mwisho tukaziweka za kusahihisha na kupiga chapa, tatu kabla ya hizo za kuandika, tatu za kwenda njiani na daftari, na mbili za kwanza za kusoma na kufuatilia vibali. Nilimshauri aandike matokeo kwanza na utangulizi mwisho kabisa. Najua walimu wengine watanipinga, lakini mgeni hatambulishwi kabla hajaingia nyumbani.

Katika zile kurasa 60 tuliokoa nne, zile za historia. Hakufurahi, nami sikumlazimisha afurahi.

Juzi, kibali kikiwa mkononi, alinipigia simu akiwa steji. Gari la kwanza lilikuwa na abiria 14, na waliofunga mkanda walikuwa wawili.

"Wawili pamoja na wewe?" nikamuuliza.

Akanyamaza kidogo. "Eee, mjomba. Pamoja na mimi."

Nikamwambia ajifute.