Mgomba wa ajabu usikuletee msiba shambani



Siku hizi hapa Igawa naulizwa sana: "Bwana shamba, miche ya ndizi nyekundu nitaipata wapi?" Mwingine anataka Mkono wa Tembo, mwingine Mchare wa Kilimanjaro. Wateja ni watu wa mjini wanaopanda migomba miwili mitatu uani kwa kujifurahisha, na bei hawabishani sana.

Biashara hiyo siipingi. Mgomba adimu una thamani yake hata kama mkungu ni mdogo. Usikubali kung'oa mbegu ya bibi yako eti haina soko.

Ninachopinga ni chipukizi lisilojulikana lilikotoka, linashushwa kwenye basi na udongo wake, jioni limeshapandwa.

Mnyauko bakteria, unaoitwa pia unyanjano, uliripotiwa Kagera mwaka 2006. Ndizi huiva kabla ya wakati, ukikata shina linatoa utomvu wa njano, mwisho mgomba unakufa. Mnyauko fuzari nao hukaa udongoni miaka mingi, na Kisukari ni kati ya aina zinazoshambuliwa. Chipukizi linaweza kuonekana zima kabisa huku limebeba ugonjwa.

Wengine husema, "Nitalichovya kwenye maji ya moto." Ni sawa. Ondoa udongo, menya mizizi, chovya kwenye maji yanayochemka kwa sekunde 30. Hapo umepunguza minyoo ya mizizi na fukusi. Lakini mnyauko hujautibu. Hapo ndipo tunapojidanganya.

Kwa hiyo fanya hivi:

1. Tafuta miche ya chupa, ile inayozalishwa maabara. Ikikosekana, nenda mwenyewe ukaone mgomba mama na shamba zima.
2. Panda mgeni peke yake, mbali na migomba ya chakula, umwangalie mpaka azae.
3. Panga lipitishe kwenye moto au dawa ya klorini kabla ya kugusa shina jingine.
4. Ua dume livunje kwa kijiti chenye panda, usitumie panga.

Na wewe mfanyabiashara, kama huwezi kumwonyesha mteja shina mama, usiuze. Faida ya chipukizi moja ni ya siku moja, lakini ugonjwa ukiingia, kijiji kizima kitang'oa migomba.

Ukiona dalili, usigawe wala kuuza chipukizi. Niite kwanza, nitakuja shambani.