Mtoto wa Mtwara Asiyejua Bamvua

"Bibi, maji yameenda wapi?"

Aliyeniuliza hivyo ni mjukuu wangu, mvulana wa miaka 10, tumesimama ufukweni Shangani, likizo ya mwezi Juni. Amezaliwa mjini Mtwara, anasoma Mtwara, na kutoka kitandani kwake hadi baharini hapazidi mwendo wa robo saa. Ilikuwa saa tano asubuhi, mwezi una siku mbili, na bahari ilikuwa imerudi nyuma ikaacha mchanga, mawe na majani ya bahari wazi kama inavyofanya tangu dunia iumbwe. Yeye alidhani kuna jambo baya limetokea. Alinishika kanga kwa mikono miwili.

Sikumcheka. Nilimwambia, "Mume wangu, hilo ni bamvua," nikamweleza kadiri nilivyoweza, tukarudi nyumbani. Usiku ule sikupata usingizi mapema.

Mimi nilizaliwa Msimbati mwaka 1965. Asiyepajua, Msimbati ni ulimi wa mchanga ulio kilomita 40 na kitu kutoka mjini. Upande mmoja bahari kuu, upande mwingine ghuba ya Mnazi, na ukishuka kusini unakutana na mikoko ya mdomo wa Ruvuma, ng'ambo yake Msumbiji. Kwenye ncha ya ulimi ule, mahali paitwapo Ruvula, unaona jambo ambalo mtu wa pwani yetu haoni kwa urahisi: jua likizama majini. Tulikuwa tunalitazama kila siku na hatukujua kuwa ni ajabu.

Bibi yangu mzaa mama hakuwa na saa. Alihesabu mwezi. Mwezi ukiandama, na ukitimia siku 15, alijua maji yatajaa sana na kupwa sana, ndilo bamvua, na kupwa kwenyewe kutaangukia kati ya saa nne na saa sita, asubuhi na usiku. Baada ya hapo kila siku maji huchelewa kwa kiasi cha dakika 50. Yeye alisema yanachelewa "kama chungu cha kunde kuiva". Mwezi ukifika siku ya saba au ya 22, yalikuwa maji mafu, hayapandi sana wala hayashuki sana, na hizo zilikuwa siku za kukaa barazani kusuka ukili. Hivyo mwezi wetu ulikuwa na siku za bahari na siku za mkeka. Nilipoanza shule nilikuwa najua hesabu hiyo kabla sijajua kuandika jina langu.

Asubuhi ya bamvua aliniamsha kwa jina la utani ambalo mabibi wa pwani huwaitia wajukuu wao wa kike: "Mke mwenzangu, amka, maji yanatoka." Tukitoka wanawake na watoto, kapu kichwani, ufito mkononi, tunayafuata maji yanavyorudi. Tulitembea kwa kuburuza miguu, hatukuinua nyayo, kwa sababu taa hulala chini ya mchanga na mwiba wake unaweza kumlaza mtu mzima wiki nzima. Ukimburuzia mguu, anasikia, anajiondokea. Ukimkanyaga, umemkosea wewe. Tuliokota kome na chaza. Kwenye matope ya mikoko tuliokota tondo.

Pweza ndiye aliyenifundisha kutazama. Pweza hakai ovyo. Ana shimo lake kwenye mwamba, na mbele ya shimo anarundika maganda ya vyote alivyokula, vipande vya kaa na kombe, na vijiwe vya kuzibia mlango. Bibi alisema, "Pweza hafagii mlango wake." Ukitembea unatazama chini, unatafuta takataka zilizopangika kuliko takataka nyingine. Siku ya kwanza niliyomwona mwenyewe, kabla ya mtu yeyote kunionyesha, nilikuwa na miaka minane. Nilichokoa, akanizungushia mkono kwenye kifundo, nikapiga kelele, sikumwachia. Bibi alimpigapiga juu ya jiwe hadi akalainika, na jioni aliliwa kwa tui la nazi na ugali wa muhogo. Walikula watu saba, na mjomba alipoambiwa ni kazi yangu aliniwekea kipande cha kichwa. Sijapata cheti chochote kilichonipa furaha ile.

Kulikuwa pia na kutanda. Wanawake wawili wanashika kanga kuukuu au chandarua kwa ncha, wanaiburuza kwenye maji ya magoti, na sisi watoto tunapiga maji kwa viganja kuwasukumia vidagaa. Leo najua kwamba kutanda kwa kitambaa chenye matundu madogo huzoa hata vifaranga vya samaki. Tangu mwaka 2000 eneo lile ni Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, kilomita za mraba 650, na nyavu za aina hiyo hazitakiwi. Ni sawa. Sitaki mtu adhani nalilia kila kitu cha zamani.

Mjomba alikata boriti huko mikokoni, na mara chache alitubeba kwa mtumbwi wake hadi karibu na Ruvuma. Masika maji ya mto huja na rangi ya udongo, yanaingia kwenye bahari ya buluu, na kwa umbali mrefu hayachanganyiki. Sharti lake lilikuwa moja: mkono usitoke nje ya mtumbwi. Kuna mamba na kuna viboko. Ndani ya mikoko alitutajia miti kama mtu anayetambulisha ndugu: huu mkoko, magome yake yana rangi, huu mkandaa, huu mchu, huu mlilana, na mizizi yake iliyochomoza juu kama misumari huchongwa vyelezo vya nyavu. Hakurudia mara mbili. Safari ya pili aliuliza.

Bahari ilipokuwa ya maji mafu, tulikuwa na bara. Tulichimba ming'oko porini, tulipanda mibuyu, tuligombania mabungo. Wavulana walifukua mashimo kutafuta panya, ambao watu wa Mtwara kwa heshima tunawaita samaki nchanga. Usiku wa mbalamwezi ulikuwa wa kombolela na hadithi, na betri za redio ya mjomba zilianikwa juani mchana ili jioni zitoe sauti kidogo. Televisheni Tanzania Bara ilianza mwaka 1994, nikiwa mama wa watoto.

Na msimu wa korosho! Kuanzia Septemba hadi mwisho wa mwaka hakuna mtoto aliyekuwa na nguo safi, maana utomvu wa bibo ukikauka kwenye nguo hautoki. Kuokota ilikuwa kazi, kubangua ilikuwa sherehe. Tulitoboa bati, tukaweka korosho juu ya moto, mafuta ya maganda yanalipuka ndimi za moto na moshi mweusi unaouma macho, kisha mkubwa mmoja analisukuma bati kwa mti mrefu na sote tunamwaga mchanga. Zikipoa, kila mtu na jiwe lake. Mafuta yale yanababua. Nina alama kwenye kidole cha shahada hadi leo. Hakuna aliyetukataza. Walituonyesha namna ya kusimama upande upepo unakotoka.

Lazima niseme pia yaliyokuwa mabaya. Tulikwenda pwani kwa sababu ya kitoweo kwanza. Siku bahari iliponyima, tulilala na uji. Nimewaona wanaume waliopoteza viganja kwa baruti za kulipulia samaki. Nilipovunja ungo niliingizwa unyagoni, ya humo siyasemi, na nilipotoka sikuruhusiwa tena kukimbia na wavulana. Kaka zangu waliendelea. Nililia kwa hilo.

Na mwaka mmoja, kusi ikiwa kali, mtoto wa jirani tuliyecheza naye mdako jana yake alichukuliwa na mkondo. Kwetu, mahali pengine bahari inakuwa kina kirefu ghafla, hatua chache tu kutoka mchangani. Kijiji kizima kilikaa matanga. Bamvua lililofuata, bibi yangu na wanawake wengine wawili walitukusanya watoto wote, wakatupeleka mahali pale pale maji yakiwa yamepwa. Wakatuonyesha mkondo unapoanzia, jiwe lipi ni la mwisho, na rangi ya maji inavyobadilika. Wakatutaka kila mmoja arudie kwa mdomo wake. Jiwe lile ningelionyesha hata leo nikiwa nimefumba macho.

Ninalisimulia hili kwa sababu ndipo ulipo ugomvi wangu na sisi wazazi na mabibi wa leo. Msiba ule uliwafanya watufundishe zaidi. Sisi, kwa hofu ndogo kuliko ile, tumefunga geti.

Watu wanailaumu simu. Nimefundisha shule za msingi Mtwara zaidi ya miaka 30, na nimeyaona mambo yalivyofuatana. Kwanza ilikuja tuisheni, ikachukua Jumamosi, kisha ikachukua likizo. Halafu zikaja kuta. Mji ulipopata matumaini ya gesi, ile iliyogunduliwa Mnazi Bay mwaka 1982 na kusafirishwa kwa bomba hadi Dar es Salaam mwaka 2015, viwanja vya pwani vilipanda bei, na kila aliyenunua alizungushia ukuta. Ikaja hofu pia, na hofu nyingine ni ya kweli: Aprili 2019 tulihamishwa kukimbia kimbunga Kenneth kabla hakijaangukia Msumbiji, na Oktoba 2020 kijiji cha Kitaya, kando ya Ruvuma, kilishambuliwa. Mzazi wa kule mtoni akimzuia mwanawe, simlaumu hata kidogo. Simu ilifika mwisho kabisa. Ilimkuta mtoto amekwisha kaa ndani, hana pa kwenda, ikamkaribisha.

Mjukuu wangu simu hiyo imemfundisha mengi. Anajua nyangumi ana uzito gani, na anajua papa anabadilisha meno. Ninapenda anavyoeleza. Lakini nyangumi wake hana mahali. Hajui kama anapita Mtwara, hajui kama bahari ile ya kwenye kioo ndiyo hii ya mwisho wa barabara yao.

Na barabara yenyewe haifiki tena. Kulikuwa na kichochoro, upana wa watu wawili na kapu, tulichokitumia nilipohamia mtaani kwetu. Sasa kina ukuta wenye vipande vya chupa juu. Siku ile mimi na mjukuu tulizunguka mbali ndipo tukapata upenyo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu, au zinazoweza kuharibu ufukwe, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa bahari. Mita 60 hizo ndizo ninazozidai. Nataka kila mtaa wa pwani Mtwara, na Mikindani, uwe na njia moja ya wazi inayofika majini, ichorwe kwenye ramani, na asiwepo wa kuiuza. Naomba wanaopima viwanja walisome hili kama ombi la mwalimu.

Kwa walimu wenzangu nina ombi jingine, na hili halihitaji fedha. Tulipokuwa shule, Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 ilikuwa hai. Shule yetu ilikuwa na shamba la mikorosho na tulijua jembe. Shule za pwani leo ziweke kwenye ratiba asubuhi moja ya bamvua kila muhula. Bamvua linajulikana mwaka mzima kabla, halitegemei bajeti ya mtu. Waalikwe wanawake wanaochokoa pweza, walipwe posho kama mgeni yeyote anayeitwa kufundisha, maana wanayoyajua ni sayansi ya mwezi, maji na viumbe, na wanaoyajua kwa mikono yao wanazidi kupungua. Bibi yangu alifariki na hesabu zake. Mimi nimebaki na nusu.

Wasichana waende pia, hata waliokwisha vunja ungo. Hilo nalisema kwa uchungu wangu mwenyewe.

Tulivyokuwa Msimbati hatutarudi, na mjukuu wangu hahitaji kushika pweza ili watu saba wale. Lakini nimemwona alivyokuwa dakika kumi baada ya lile swali lake. Aliachia kanga. Alichuchumaa kwenye dimbwi, akakaa pale muda mrefu akitazama kitu nisichokiona, na nilipomwita hakuitika. Simu ilikuwa mfukoni mwangu na hakuiuliza.

Mwezi utakapoandama nitawachukua yeye na watoto sita wa mtaani kwetu. Nimekwenda kwa wazazi wao mmoja mmoja, nimewaeleza tutakapokanyaga na tusipokanyaga, nimemwomba mama mmoja mchokoa pweza wa huku mjini atuongoze, naye amekubali. Jana jioni msichana mdogo wa nyumba ya pili alikuja na shikamoo yake, akaniuliza avae nini miguuni. Nimemwambia avae raba kuukuu, na ajifunze kuburuza miguu kuanzia leo, hapo hapo uani.