Kile Kitabu Kinachoitwa cha Mapepo



Tangu mwezi uliopita maneno yamekuwa mengi katika interna juu ya kitabu kimoja. Wengine wanasema: «Ile kitabu iko ya pepo, muichome!» Wengine wanakiazima kwa zamu na kukificha chini ya godoro. Sisi makapita tuliambiwa tukinyang'anye. Kweli tulikinyang'anya. Lakini kabla ya kukipeleka ofisini tulikisoma sisi wenyewe, usiku mbili, na ndiyo sababu tunaandika.

Kitabu chenyewe ni manga, ndivyo wanavyoita vitabu vya picha vya Japani. Kwa Kifaransa jina lake ni Le Pacte des yôkai. Aliyekitunga ni mwanamke, Yuki Midorikawa, mtu wa Kumamoto, na hadithi ilianza kutoka mwaka 2003 katika gazeti la LaLa DX. Mwaka 2008 ikawa anime, maana yake sinema ya picha za kuchora, na aliyeiongoza mwanzoni ni Takahiro Omori. Mafungu saba ya sinema hiyo yametoka, la saba likiwa la mwaka 2024. Mmoja wetu aliona lile la kwanza wakati wa likizo, katika simu ya kaka yake.

Sasa habari yenyewe. Kuna kijana, jina lake Natsume, yatima wa baba na mama. Tangu utoto anaona yokai, viumbe ambavyo watu wengine hawavioni. Anapowaambia watu, wanamwita mwongo. Jamaa wa huku wanamlea kitambo, wanachoka naye, wanamsukuma kwa jamaa wa kule. Anazunguka hivyo mpaka mume na mke mmoja wasio na mtoto, wa ukoo wa Fujiwara, wanampokea. Kisha anagundua kwamba bibi yake Reiko, aliyekufa zamani akiwa angali kijana, alimwachia daftari. Huyu bibi naye alikuwa anaona yokai. Alikuwa anawashinda kwa mchezo ama kwa fimbo, na kila aliyeshindwa aliandika jina lake katika ukurasa mmoja. Mwenye daftari akiita jina, mwenye jina sherti atii.

Fikirini, ndugu. Kama daftari hilo lingeangukia mikononi mwetu huku interna! Nani angechota maji tena?

Natsume hafanyi hivyo. Anarudisha majina. Anaweka ukurasa mdomoni, anapiga makofi mara moja, anapumua, na jina linarudi kwa mwenyewe. Kila mara anabaki bila nguvu, karibu kuanguka. Hapo ndipo hadithi inatushika. Wale waliozoea Dragon Ball wanatuambia: «Iko inalalisha, hakuna vita.» Tunakubali, vita ni haba sana. Kila sura ni habari yake, inaanza na kuisha, na unaweza kuruka tatu bila kupotea. Tena tuseme kweli, sura nyingine zinafanana mno, mpaka unajua mwisho kabla ya kufika. Lakini kila moja inauliza lile lile: huyu anayetisha, anataka nini? Na karibu kila mara hataki damu. Anataka kuitwa, ama kumwona tena mtu aliyemtendea wema siku moja.

Sura tunayoipenda kupita zote ni ile ya Tsuyukami. Huyu ni yokai mdogo kama kiganja. Zamani alikuwa mkubwa kama mtu. Alikuwa mzururaji tu, akajiingiza katika kibanda cha ibada kilichoachwa kando ya njia. Mtu mmoja akaomba mvua hapo, kesho yake mvua ikanyesha kwa bahati, na kijiji chote kikaanza kumletea sadaka. Miaka ikapita, watu wakamsahau, na kila aliyemsahau alimpunguza kimo. Amebaki mama mzee mmoja tu, Hana, anayekuja bado kumwekea matunda. Siku Hana anapokufa, naye anatoweka. Natsume alikuwa tayari kumwabudu yeye kusudi aendelee kuishi. Anakataa: wewe ni rafiki, hawezi kukufanya mwabudu wake. Habari imekwisha hapo. Hakuna muujiza.

Mwenzetu mmoja alituuliza: mkristo anasomaje mambo ya miungu ya kando ya njia? Ni swali la haki, hatulicheki. Jibu letu ni kwamba kitabu hiki hakimwombi mtu aabudu kitu. Ni hadithi, kama zile za sungura na chui tulizosikia kwa bibi zetu, na hakuna aliyepiga magoti mbele ya sungura. Tena mtu akitaka kuonyesha namna mungu wa kutengenezwa na watu anavyopungua na kuisha, hatujui kama atapata mfano mzuri kuliko Tsuyukami.

Lakini kuna jambo lingine lililotufanya tusikichome.

Katika chumba chetu cha kulala kuna mdogo wetu wa mwaka wa kwanza. Wazazi wake hawako tena, anakaa kwa wajomba. Usiku anasema katika usingizi, mara nyingine analia. Mnajua jina walilomwita. «Mulozi.» Vitanda viwili vikasogezwa mbali naye. Sisi makapita tulitoa ruhusa visogezwe, na tuliandika katika daftari la interna: «kwa ajili ya amani.» Mkono ulioandika ndio huu.

Inchi yetu inakataza jambo hili. Kifungu cha 41 cha Katiba ya 2006 kinataja wazi kumshitaki mtoto kwa ulozi, na Sheria ya tarehe 10 Januari 2009 ya kulinda mtoto inaweka kifungo juu yake. Tulifundishwa hayo darasani, tukapata na pointi. Hata hivi hatukumwona mtoto kitandani mpaka tuliposoma juu ya yule Natsume, anayelala nyumba ya watu na kuogopa kusema alichokiona, asije akafukuzwa tena.

Vitanda tumevirudisha Jumamosi. Mmoja alinung'unika, tukampa kitanda cha kapita karibu na mlango, mahali pa upepo.

Kitabu tumempelekea mwalimu wa nidhamu, pamoja na barua ya kuomba akisome kabla ya kukihukumu. Hajajibu. Tunajua kwamba taa yake iliwaka saa nyingi usiku wa Jumatatu. Kama kitarudi, tutakiweka katika kabati ya maktaba, na wa kwanza katika orodha ni yule mdogo. Tulimsimulia habari yote, akasikiliza bila neno. Mwisho akauliza tu juu ya Nyanko-sensei, yule paka mnene anayemlinda Natsume: «Kweli iko inakunywa pombe?»

Ndiyo. Mingi sana.

Makapita wa interna, mwaka wa mwisho